Vitabu vya Kale Vyataka Macho Yetu

Iko kazi moja ya kujitolea isiyohitaji jembe wala sururu, nayo yawangojea wanachama na wafanyakazi wote wajuao kusoma Kiswahili vizuri. Ni kazi ya kusahihisha vitabu vya kale vinavyoingizwa katika kompyuta. Twaileta mbele ya wasomaji leo kwa kuwa wengi wanaoiweza hawajaisikia, na wachache walioisikia hudhani kuwa ni kazi ya mabingwa wa Ulaya.

Yafaa tueleze kwanza jinsi ilivyo. Kitabu hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kisha mashine huisoma ile picha na kuigeuza kuwa maandishi yanayoweza kutafutwa na kunakiliwa. Lakini mashine hukisia umbo la herufi. Wino ukififia, n hugeuka u, na h hugeuka b. Hapo ndipo neno nchi huweza kusomwa uchi, na methali ya haba na haba ikawa baba na baba. Makosa ya namna hii ndiyo mabaya zaidi, maana uchi na baba ni maneno halali ya Kiswahili, na kamusi ya mashine huyapitisha bila neno. Hapana budi awepo mtu ajuaye lugha, mwenye picha ya ukurasa mbele ya macho yake.

Katika mwaka 1971, Michael Hart wa Marekani alianzisha maktaba ya bure iitwayo Project Gutenberg. Mwaka 2000 Charles Franks akaanzisha Distributed Proofreaders, chama cha wasahihishaji wa kujitolea, ambacho kimekwisha kutengeneza vitabu zaidi ya 40,000. Katika hazina hiyo vitabu vya Kiswahili ni vichache mno.

Je, ni kwa sababu hatuna vitabu? La, hasha! Hadithi alizokusanya Askofu Edward Steere huko Unguja zilichapwa mwaka 1870. Kamusi ya Ludwig Krapf ilitoka mwaka 1882. Mwaka 1903 kilitoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kikiwa na jina la Mjerumani Carl Velten juu yake. Lakini sehemu kubwa ya maneno yaliyomo iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufariki huko mwaka 1927. Mtoto wetu akilitafuta jina la Mtoro, na mashine imelisoma vibaya, hatalipata. Mtu huyo atakuwa amefichwa mara ya pili, na safari hii kwa uvivu wetu.

Wako wasemao kwamba mashine za siku hizi zimekuwa hodari, basi tuziachie zijisahihishe. Sisi hatukubali. Mashine hizo hujifunza kwa maandishi zinayopewa; zikilishwa Kiswahili kibovu, zitatoa Kiswahili kibovu. Tena mashine hodari huweza kuutengeneza ukurasa ukapendeza, kumbe maneno yake hayakuchapwa kamwe na mwenye kitabu.

Na hapa ndipo ilipo sharti kubwa ya kazi yenyewe: msahihishaji humsahihisha mashine, hamsahihishi mwandishi. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na vitabu vya kabla ya hapo vina tahajia yake. Steere aliandika killa, kwa l mbili. Sisi tuliofundishwa kila shuleni, mkono utatuwasha kuifuta l moja. Tusiifute. Apepetaye mchele hutoa chuya na mawe, hazitupi punje kwa kuwa ni ndogo.

Mtu asiseme kuwa haya ni mambo ya watu wa Dar es Salaam. Chukua Kamsamba, katika Mkoa wa Songwe, kando ya Mto Momba unaoelekea Ziwa Rukwa. Huko wako walimu, waganga, makarani na vijana waliomaliza shule. Awe Mwanda au Mnyamwanga, aliyesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza anaijua tofauti ya nchi na uchi. Maktaba kubwa ziko mbali naye, lakini ukurasa wa mwaka 1903 waweza kumfikia pale alipo.

Njia ya kuanza ni nyepesi. Hujiandikisha kwa jina lolote la kazi, bila ada. Husoma kanuni, kisha huchagua kitabu kilichotengwa kwa wanaoanza. Picha ya ukurasa huwa mbele yake pamoja na maandishi ya mashine. Hulinganisha mstari kwa mstari, hurekebisha, huhifadhi. Hakuna haja ya kuogopa kukosea, kwani wengine hupitia kila ukurasa baada yake. Akikosa kitabu cha Kiswahili siku hiyo, na azoeze jicho kwa cha Kiingereza. Simu ni ndogo kwa kazi hii. Kompyuta ya shule, kwa ruhusa ya mkuu wake, yafaa zaidi.

Na ajue mpaka. Chama hicho hufuata sheria ya Marekani, ambayo huviachia huru vitabu vilivyochapwa zaidi ya miaka 95 iliyopita. Vitabu vya Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, havijafikisha umri huo. Visiguswe.

Wasahihishaji hao wana desturi ya kuombana ukurasa mmoja tu kwa siku. Watu 10 wa Kamsamba wakifanya hivyo, kitabu cha kurasa 300 hupitiwa mara ya kwanza kwa mwezi mmoja. Ndugu, haba na haba hujaza kibaba. Na tuhakikishe kuwa hivyo ndivyo wajukuu wetu watakavyoisoma.