Nani ashike ufunguo wa sava ya IEBC kabla ya 2027?

KURA zinapomaliza kuhesabiwa katika kituo cha Ogwedhi, kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Transmara, msimamizi hujaza Fomu 34A, mawakala wakatia saini, naye akaipiga picha kwa kifaa cha KIEMS na kuituma Nairobi. Nakala hubandikwa mlangoni, na ajuaye kusoma huisoma. Ile picha huingia katika sava ambayo mpiga kura hataiona kamwe, na humo ndimo ulimohamia ugomvi wa uchaguzi wa 2017 na ule wa 2022.

Swali kuu katika mizozo hiyo limekuwa moja: nani aliruhusiwa kufanya nini ndani ya mtambo?

Sava kubwa aghalabu hutumiwa na wengi kwa pamoja. Programu maalumu huigawa, kila idara ikapata mashine pepe, yaani kompyuta inayofanya kazi zote za kompyuta bila kuwa na kasha lake. Ni kama jengo la maduka ya kukodi sokoni. Mpangaji hufungua na kufunga apendapo, hupanga bidhaa zake, lakini hawezi kuvunja ukuta wa jirani. Mwenye jengo ana funguo za maduka yote. Vivyo hivyo, msimamizi mkuu wa sava aweza kuisimamisha mashine pepe yoyote, kuinakili, au hata kuirudisha katika hali iliyokuwa nayo jana. Mtumiaji wa chini amewekewa mipaka. Wa juu karibu hana.

Mnamo Agosti 28, 2017, Mahakama ya Juu iliamuru IEBC iwape walalamishi, wakiongozwa na hayati Raila Odinga, ruhusa ya kusoma tu baadhi ya habari za mtambo wake, zikiwemo kumbukumbu za nani aliingia na lini. Hawakuomba kubadili chochote. Ruhusa ya aina hiyo ndiyo ya chini kabisa ambayo mtumiaji aweza kupewa, lakini tume haikutii agizo hilo kikamilifu. Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili walibatilisha ushindi wa Uhuru Kenyatta, na katika hukumu yao kamili walieleza kwamba ukaidi huo uliwapa sababu ya kuikisia tume vibaya.

Siku chache baadaye ulifichuka waraka wa aliyekuwa mwenyekiti, marehemu Wafula Chebukati, kwa afisa mkuu mtendaji Ezra Chiloba. Chebukati alitaka kujua ni vipi akaunti ilifunguliwa kwa jina lake bila idhini yake, ikatumiwa mara 9,934. Yalikuwa maswali, wala si matokeo ya uchunguzi wa mahakama. Hata hivyo yalifichua udhaifu ambao ulinzi wa nje hauwezi kuuziba: mipaka haina maana iwapo jina la mkubwa laweza kuvaliwa na mtu mwingine.

Mwaka 2022 mambo yalikuwa nafuu. Picha za Fomu 34A ziliwekwa wazi katika tovuti, raia wakajumlisha wenyewe. Mahakama nayo iliuliza maswali ya kitaalamu zaidi: Agosti 30 iliitaka IEBC itoe sera yake ya maneno ya siri, orodha ya wenye mamlaka ya usimamizi, na ngazi za ruhusa za kila mtumiaji. Septemba 5 majaji wote saba walitupilia mbali kesi dhidi ya ushindi wa William Ruto.

Lakini hawakuishia hapo. Walipendekeza kwamba wakati wa uchaguzi wafanyakazi wa IEBC pekee ndio wafikie sava za matokeo, isipokuwa pakiwa na dharura ya kweli. Pia sava za uchaguzi zitenganishwe na zile za shughuli za kawaida za ofisi, ili mahakama ikihitaji nakala nzima kwa uchunguzi iweze kuipata bila kukiuka mikataba na wahusika wengine.

Pendekezo hili la pili ndilo lenye mtego. Fundi aweza kudai ametii kwa kuunda mashine pepe mbili, moja ya kura na nyingine ya mishahara, ndani ya sava ileile, chini ya msimamizi yuleyule. Kwenye karatasi zimetengana. Katika hali halisi mwenye funguo ni mmoja, na iwapo ni mfanyakazi wa kampuni ya kigeni, mkataba wake waweza kuwa kizuizi kilekile ambacho majaji walitaka kukiondoa.

Utengano wa kweli wadai mitambo mbalimbali, au angalau kumbukumbu za matukio zihifadhiwe mahali ambapo msimamizi mkuu hana uwezo wa kuzifuta, na hatua kubwa zihitaji idhini ya maafisa wawili. Haya hugharimu fedha na huchelewesha kazi kidogo. Gharama ya kurudia uchaguzi wa urais, Kenya iliijua Oktoba 26, 2017.

Tume ya sasa, chini ya Erastus Ethekon, iliapishwa Julai 2025, na uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Masharti ya nani ashike funguo huandikwa katika kandarasi ya teknolojia kabla ya kutiwa saini. Kesi ikishafika mahakamani, majaji huwa na siku 14 tu.