Daktari wa Akina Mama Asomee Wapi?

Juma hili sitasema habari za vyeti vya ubatizo vilivyoliwa na mchwa, ingawa meza yangu imejaa barua zake. Nataka niwajibu wazazi walioniuliza swali moja, na mmojawapo ni kaka yangu mwenyewe.

Kaka alikuja kwa basi toka Mahenge, akaniingilia ofisini asubuhi, vumbi la safari lingali miguuni. Hata maji hakunywa. "Mdogo wangu," akasema, "mwanetu amesoma udaktari miaka mitano. Akafanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Amepata kazi ya Serikali, na mimi mabati ya nyumba nimekwisha kuyahesabu. Kumbe sasa anataka kurudi shule miaka mitatu tena, awe bingwa wa mambo ya uzazi. Je, udaktari wa kwanza haukutosha?"

Swali hili si la kijinga. Wazazi wengi mmeuza ng'ombe ili mtoto asome, mnangoja kupumzika, na mara mnasikia safari ingali mbele. Basi nilimjibu hivi. Daktari atokaye chuoni ajua mengi, lakini kila jambo kidogo kidogo. Bingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake ndiye aitwaye usiku mambo yanapowashinda wengine: mama anatokwa damu haikatiki, au kifafa cha mimba kimempanda, au mtoto amekwama, au mji wa mimba umepasuka. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ilihesabiwa kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 556 walikufa kwa sababu ya uzazi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ukapata 104. Imeshuka sana, Mungu ashukuriwe. Lakini kwa mume aliyeachwa na kichanga mkononi, hesabu hiyo haijashuka.

Kaka akanyamaza, kisha akasema, "Haya, asome. Lakini aende Muhimbili. Jina lake tunalijua hata kijijini."

Hapo ndipo penye shauri la leo.

Muhimbili si jina la bure. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1956 ikiitwa Princess Margaret. Shule ya madaktari ikaanza mwaka 1963, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu chenye kujitegemea. Lakini si pekee. Hapa hapa mjini, Mikocheni upande wa Kinondoni, kiko Chuo Kikuu cha Kairuki. Marehemu Profesa Hubert Kairuki alikuwa mwenyewe bingwa wa uzazi. Alianzisha hospitali yake mwaka 1987, na chuo mwaka 1997. Mwanza iko Bugando, hospitali ya Maaskofu wetu iendeshwayo pamoja na Serikali, na chuo chake kando. Moshi iko KCMC. Hizi mbili zote zilifunguliwa mwaka 1971. Kote huko daktari aweza kusomea ubingwa huu. Sasa mzazi achagueje? Kwa jina? Kwa ukaribu wa shangazi wa kumlaza?

Mimi nilisomea ualimu, kama wasomaji wangu wa zamani mjuavyo, ijapokuwa karani nimekuwa. Chuoni tulifundishwa namna ya kufundisha kwa maneno mazuri sana, nami niliandika yote katika daftari. Halafu nikapelekwa kwenye mazoezi, darasa la pili, watoto zaidi ya sabini, chaki mbili. Siku ya kwanza nilisahau hata jina langu. Aliyenifanya niwe mwalimu si lile daftari. Ni mwalimu mzee aliyekuwa akiketi nyuma kabisa, kimya, akiniacha nikosee kidogo, na kipindi kikiisha akanionyesha nilipopotea. Juma la nne hakuja. Nikafundisha peke yangu, na darasa likaenda.

Udaktari wa uzazi nao hushikwa na mkono, na jambo hili nililijua kwa uchungu. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili, katika hospitali ambayo sitaitaja, alitokwa damu nyingi usiku. Daktari wa zamu alikuwa kijana asomaye ubingwa. Mkubwa wake alikuwa nyumbani, akatafutwa kwa simu. Mkunga mmoja mama mtu mzima ndiye aliyeingiza ngumi na kuubana mji wa mimba kwa mikono miwili, mmoja ndani na mwingine juu ya tumbo, akakaa hivyo hata mkubwa akafika. Alfajiri yule kijana alinifuata kwenye benchi. Hakujificha, nami namheshimu kwa hilo. Aliniambia, "Mzee, nimeyaona yakifanywa mara nyingi. Kufanya mwenyewe ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, na mkono ulikataa." Mke wangu yu hai, mtoto anasoma darasa la kwanza. Lakini neno lile la kijana halijanitoka. Alikuwa mwaka wa pili wa masomo!

Kwa hiyo nilimwambia binti ya kaka hivi: mwanangu, usiulize kwanza chuo gani ni kikubwa. Nenda hospitali wanakofanyia mazoezi, umtafute daktari aliye mwaka wa tatu, umnunulie chai. Mwulize amepasua akina mama wangapi yeye mwenyewe, kisu mkononi mwake, na wangapi alishika tu ndoano huku mwingine akipasua. Kila mmoja wao ana kitabu kinachoandikwa kazi alizofanya na kutiwa saini ya mkubwa, mwombe akuonyeshe. Tena uliza usiku ni nani asimamaye karibu. Mkubwa afanyaye kila kitu mwenyewe hakufundishi, na mkubwa alalaye kwake huku wewe unahangaika naye hakufundishi; huyo wa pili anamhatarisha na mama wa watu.

Kuna jambo jingine ambalo nyinyi wa vijijini mtalielewa upesi kuliko watu wa mjini. Mjini akina mama wengi huzalia hospitali za pembeni na vituo vya afya: Temeke, Mbagala Rangi Tatu, Mwananyamala kwa watu wa Kinondoni, Amana kwa watu wa Ilala. Huko ndiko uzazi wa kawaida uliko kwa wingi, na huko ndiko hatari huanza kuonekana. Muhimbili hupokea wengi ambao mambo yamekwisha kuharibika. Basi asomaye huona mambo mazito, nayo ni faida kubwa, lakini sharti ajue pia jinsi mambo mazito yanavyoanza, ili ayazuie. Mwanafunzi na aulize kama chuo humpeleka hospitali za mikoa, na kwa muda gani. Siku moja atapangwa wilayani ambako hakuna profesa wala mashine kubwa, ila yeye na mkunga na taa.

Na kisu chenyewe chahitaji akili. Wachunguzi walioangalia daftari za Muhimbili walikuta kwamba mwaka 2000 akina mama 19 katika 100 walizaa kwa upasuaji, na mwaka 2011 wakawa 49 katika 100. Sehemu yake ni kwa sababu ya wagonjwa wanaoletwa toka kwingine, lakini ongezeko lilikuwako hata kwa akina mama wasio na hatari kubwa. Mwanafunzi wa hapo atajua kupasua, sina shaka. Je, atajua kumtoa mtoto anayetanguliza matako? Atajua kutumia kile kikombe cha kumvuta mtoto kwa hewa? Atajua kungoja? Mama aliyepasuliwa mara moja hubeba kovu lile katika kila mimba ifuatayo, na kijijini kwenu hospitali yaweza kuwa mwendo wa saa tano. Maswali haya yafaa kuulizwa kila chuo.

Msidhani kwamba mafunzo mema ni majengo. Huko Unguja, katika hospitali ya Mnazi Mmoja, wakunga na madaktari walipewa kijitabu kifupi cha mfukoni cha kuangalia uchungu wa uzazi, kilichotungwa pamoja nao, wakawa wakikutana kufundishana. Kabla ya hapo, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 59 walizaliwa wafu. Baadaye wakawa 39. Na mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Walianza kuipima damu ya mama katika mfuko maalum badala ya kuikadiria kwa macho, na ikizidi, matibabu yote yakatolewa kwa pamoja pasipo kungoja. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka usiku ule: hakuna mtu aliyepima kitu, damu ilikuwa kwenye khanga na sakafuni. Basi uliza na hili: hapa damu hupimwa? Na mama akifa, je, kuna kikao cha kusema wazi kilichotokea, na mwanafunzi huruhusiwa kusema mbele ya wakubwa? Mahali ambapo vijana wanaogopa kusema, makosa yale yale hurudi.

Fedha ndiyo iliyomkunja kaka uso. Huko Marekani daktari asomaye ubingwa huu husoma miaka minne, na hospitali humlipa mshahara. Kwetu hulipa ada. Aliye mwajiriwa wa Serikali na apate ruhusa kwa maandishi kabla ya kuondoka, ili mshahara usikatike. Wako walioondoka kwa ruhusa ya mdomo wakajuta. Upo pia mpango wa ufadhili wa masomo ya ubingwa uliopewa jina la Rais Samia, nao hutangazwa na Wizara ya Afya. Majina katika vyeti vyote yawe sawasawa. (Mimi karani nasema hivi nikiwa na barua nne mezani za watu ambao ni Magdalena kanisani na Magreth shuleni.)

Binti amekwisha kwenda hospitali mbili za hapa mjini na kunywa chai na watu. Katika moja alionyeshwa kitabu bila kuomba mara mbili. Katika nyingine yule daktari alicheka, akabadili mazungumzo. Bado ya tatu, nayo iko mbali.

Kaka alirudi Mahenge bila kusema ndiyo wala hapana. Juzi usiku amenipigia simu. Habari za jina la Muhimbili hakuzitaja tena, wala za mabati. Ameuliza nauli ya kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza, kwenda na kurudi, ni kiasi gani.