Vertigo: msiba usio na matanga

Kila mara sinema Vertigo ya Alfred Hitchcock inapozungumzwa kati ya wanafunzi wa lugha, neno la kwanza kutajwa ni mapenzi. Inasemwa kwamba ni hadithi ya mwanaume aliyempenda mwanamke kupita kiasi, hata kifo hakikumzuia. Mimi sikubaliani na usemi huo. Naona Vertigo ni hadithi ya mtu aliyefiwa akakosa mahali pa kulia, na ya mwanamke aliyelipa kwa mwili wake gharama ya msiba huo. Nitaisimulia mpaka mwisho, kwani hoja yangu inategemea namna inavyokwisha. Asiyeiona bado anisamehe.

Sinema ilitoka mwaka 1958, na mambo yake yanatokea San Francisco, Marekani. Scottie ni mpelelezi aliyeacha kazi ya polisi kwa sababu ya woga wa mahali pa juu: siku moja alibaki akining'inia kwenye paa, na mwenzake aliyetaka kumsaidia akaanguka na kufa. Anaishi peke yake. Rafiki yake wa zamani, Elster, anamwomba amfuate mke wake Madeleine, ambaye, kwa maneno ya Elster, roho ya bibi mmoja aliyekufa zamani imemwingia. Scottie anamfuata, anamwokoa majini, anampenda. Halafu Madeleine anapanda mnara wa kanisa la San Juan Bautista, naye Scottie, kwa kizunguzungu chake, anashindwa kufika juu. Anaona mwili ukianguka.

Baadaye anakutana barabarani na Judy, mfanyakazi wa duka, anayefanana na marehemu. Anamvalisha koti na sketi ya kijivu kama ya Madeleine, anachagua viatu, anamtaka abadilishe rangi ya nywele. Ukweli ni kwamba Judy ndiye yule yule aliyempenda. Elster alimlipa aigize kuwa mke wake, na aliyetupwa kutoka mnarani ni mke wa kweli, aliyekwisha kuuawa.

Tuangalie kwanza majina, maana ndiyo kazi yetu. Jina la Kiingereza ni ugonjwa: kizunguzungu. Huko Ufaransa sinema iliitwa Sueurs froides, yaani jasho la baridi: hofu. Lakini riwaya ilikotoka, iliyoandikwa na Boileau na Narcejac mwaka 1954, iliitwa D'entre les morts, kutoka kati ya wafu. Katika majina hayo matatu, la riwaya ndilo linalogusa kiini. Kizunguzungu kinampata Scottie mara chache tu. Anachokaa nacho usiku na mchana ni maiti.

Na maiti hiyo hakuruhusiwa kuililia. Kwetu, mtu akifiwa, watu wanakuja kukaa matanga. Wanaleta kuni, unga na nyimbo, wanalala nje pamoja na mfiwa. Inafika siku ya kuondoa matanga, na kila mmoja anajua kwamba sasa mfiwa anarudi kati ya wazima. Desturi hiyo ina uzito wake na gharama zake, na wengi wetu tunailalamikia. Lakini inampa mfiwa vitu viwili ambavyo Scottie hana: jina na mwisho. Yeye ni nani katika kifo hiki? Si mume, si ndugu. Elster, muuaji mwenyewe, ndiye anayehesabiwa kuwa mfiwa. Scottie anaitwa mbele ya baraza la uchunguzi, na pale anaaibishwa kwa maneno makali juu ya udhaifu wake. Kisha anawekwa hospitali, hasemi neno. Midge, rafiki anayempenda kweli, anamletea muziki wa Mozart. Scottie hamwoni. Midge anaondoka kupitia koridori ndefu, na katika sinema hatumwoni tena.

Upweke huo unaeleza mengi. Mtu asiye na matanga anabaki anazunguka: Scottie anarudi penye nyumba ya Madeleine, katika mgahawa wake, mbele ya picha aliyokuwa akiitazama, na kila mwanamke mwenye nywele za dhahabu anamshtua. Mimi pia namhurumia. Lakini huruma haina ruhusa ya kubadilisha jina la kitendo. Anachomfanyia Judy si mapenzi, na Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuona hivyo. Kutoka kupenda tunapata kupendana, na mnyambuliko huo unadai watu wawili, kila mmoja akitenda. Kutoka kupendeza tunapata kupendezesha, na hapo anatosha mtendaji mmoja na kitu cha kutendewa. Scottie anajua kupendezesha. Judy anamwomba ampende jinsi alivyo, naye anajibu kwa habari ya rangi ya nywele. Anaporudi na nywele za dhahabu zikiwa zimeachwa wazi, hata hapo haridhiki: lazima zifungwe nyuma kama za yule aliyekufa.

Kuna pingamizi moja zito. Mwaka 1975 Laura Mulvey aliandika makala maarufu juu ya jicho la mwanaume katika sinema, na Vertigo ni kati ya mifano yake: tunatazama na Scottie, tunafuata na Scottie, mwanamke ni wa kutazamwa. Ni kweli kwa sehemu kubwa ya sinema. Lakini Hitchcock alifanya jambo ambalo riwaya haikulifanya. Katika riwaya, msomaji anajua siri mwishoni kabisa. Katika sinema, Scottie akishatoka tu chumbani mwa Judy mara ya kwanza, Judy anaandika barua ya kueleza yote, halafu anaichana. Sisi tumeisoma, Scottie hakuisoma. Toka dakika hiyo hatuwezi tena kutazama kwa jicho la Scottie peke yake. Kila duka anapompeleka, tunajua kwamba anamuumiza mtu mzima, mwenye aibu na mapenzi yake mwenyewe. Judy ana hatia, alishiriki katika udanganyifu ulioficha mauaji. Hata hivyo, ni yeye peke yake katika chumba kile anayempenda mtu aliye hai.

Mwisho unathibitisha. Scottie anautambua mkufu, anamburuta Judy mpaka juu ya mnara ule ule, na kizunguzungu kinapona. Mtawa anatokea gizani, Judy anashtuka, anaanguka. Scottie amepona ugonjwa, na mwanamke amekufa mara ya pili. Anayesema hii ni sinema ya mapenzi makubwa atueleze nani alipendwa hapo.

Mwaka 2012 wahakiki walioulizwa na jarida la Uingereza Sight and Sound waliipa Vertigo nafasi ya kwanza kati ya sinema zote. Sina ugomvi na sifa hiyo. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoifafanua. Mjini mwetu kuna wasichana wanaoambiwa kwamba wivu ni alama ya mapenzi, kwamba mwanaume anayewachagulia nguo na marafiki ndiye anayependa sana. Siku tutakayoeleza sinema hii darasani kwa neno hilo hilo, tutakuwa tumewapa wanaume hao hoja yenye mhuri wa chuo kikuu. Lugha yetu ina kung'ang'ania, ina kumiliki, ina kuomboleza. Tuyatumie maneno hayo pale yanapostahili, na kupendana tulibakize kwa watu wawili walio hai.