Kanuni za Newton zisiishie ubaoni

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Kwa heshima zote niwapazo wazee hao, mwalimu wa sayansi hana ruhusa ya kuufuata msemo huu, kwani kazi yake ni kumweleza maana yule asiyeijua. Nayasema haya nikiwa mtu aliyeshika chaki kwa miaka mingi, na aliyewahi kukosea.

Nilikuwa nikifundisha fizikia katika Kidato cha Tatu. Siku moja niliandika ubaoni kanuni ya kwanza ya Newton: kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ile ile katika mstari mnyoofu, isipokuwa kikitendewa na kani kutoka nje. Mvulana mmoja, ambaye kila Jumamosi alimsaidia babake kusukuma mkokoteni wa maji, aliinua mkono. "Mwalimu," akauliza, "mbona mimi nikiacha kuusukuma mkokoteni husimama?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami, kwa kuwa silabasi ilikuwa ndefu na kengele ilikaribia kulia, nikamwambia anakili kama nilivyoandika, kwani hivyo ndivyo mtihani ungeuliza.

Alinakili. Yamkini aliikariri kanuni hiyo na kujipatia alama zake. Lakini leo natambua kwamba siku ile nilimfundisha jambo baya: kwamba upo ukweli wa mtihani na upo ukweli wa barabarani, na kwamba hizi ni kweli mbili zisizojuana.

Swali lake lilikuwa la kale na lenye heshima. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, aliamini kama yeye kwamba mwendo huhitaji msukumo usiokoma, na rai hiyo ilikuwa na wafuasi kwa karne nyingi. Ni Galileo wa Italia (1564-1642) aliyeviringisha mipira kwenye mbao zilizoinama, akatafakari, akatambua kwamba kinachohitaji kuelezwa si kwa nini kitu huendelea kwenda, bali ni nini hukisimamisha. Newton akaitia kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1687. Ikiwa wanadamu walihitaji muda wote huo, tutamlaumuje kijana asiyeridhika kwa kipindi kimoja cha dakika 40?

Jawabu nililopaswa kumpa halikuhitaji maabara. Lilihitaji gololi moja na ubao ulioinamishwa. Mwanafunzi aiachilie gololi kutoka kimo kile kile, kwanza ishukie mchangani, kisha kwenye kitambaa, kisha kwenye sakafu ya saruji laini. Ataona kwamba safari yake hurefuka kadiri sakafu inavyolainika. Hapo mwalimu aulize: je, sakafu ingekuwa laini kabisa, pasiwe na msuguano hata chembe, gololi ingesimama wapi? Kimya kitakachofuata ndicho somo lenyewe. Mkokoteni husimama kwa kuwa kuna kani inayoushika: msuguano wa magurudumu, ekseli na ardhi. Mvulana yule hakuwa amekosea macho. Alikuwa hajaoneshwa tu mpinzani wake aliyejificha.

Tena msuguano si adui daima. Bila huo hatungeweza kutembea, na magari yanayokwama matopeni wakati wa masika ni ushahidi wa yanayotupata unapopungua. Lugha nayo ina lawama zake. Watoto wetu hujifunza sayansi kwa Kiingereza, ilhali mkokoteni huusukuma kwa Kiswahili na lugha za mama. Na katika usemi wa kila siku neno "nguvu" hubebeshwa mzigo wa kani, nishati na uwezo kwa pamoja. Mwalimu atakayetenganisha maana hizi kwa lugha anayoielewa mtoto hatakuwa amepoteza wakati.

Je, yote haya ni ya mtihani pekee? Hasha! Kila abiria wa matatu anaijua kanuni hii mwilini mwake. Dereva akikanyaga breki ghafla, sote huenda mbele na kudai tumesukumwa. Hakuna aliyetusukuma. Gari ndilo lililozuiliwa. Miili yetu iliendelea na safari yake kwa kasi ile ile hadi ilipopata cha kuizuia: mshipi wa usalama, kiti cha mbele, au kioo. Masharti yaliyoanza kutekelezwa Februari 2004, chini ya waziri wa uchukuzi John Michuki, yalitaka kila matatu iwe na mishipi ya usalama pamoja na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wananchi waliyaita sheria za Michuki. Mwalimu wa fizikia angeweza kuyaita sheria za Newton.

Hebu wanafunzi wapige hesabu wenyewe. Kwenye lami kavu, gari lenye tairi nzuri linalokwenda kilomita 40 kwa saa huhitaji takriban mita 9 kusimama tangu breki ziliposhika. Likienda kilomita 80, huhitaji takriban mita 36, wala si 18 kama wengi wadhanivyo, kwani kasi ikiongezeka mara mbili umbali huo huongezeka mara nne. Lami ikilowa, msuguano hupungua na umbali waweza kupita mita 60. Kijana aliyeifanya hesabu hii kwa mkono wake hatamhimiza dereva aongeze mwendo mvuani.

La kusikitisha ni kwamba wengi hawaifikii hesabu hii. Katika mfumo wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE ni wa mwaka 2027, kanuni za Newton zimekuwa zikifundishwa Kidato cha Tatu, na katika shule nyingi fizikia huwa somo la hiari kuanzia kidato hicho hicho. Anayeiacha huondoka akiwa mlangoni. Nao wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, wakagawanyika katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kwa hiyo Gredi ya 7 hadi ya 9 ndipo mahali pa mwisho ambapo watoto wote hukaa pamoja mbele ya mwalimu wa sayansi. Wote watapanda matatu. Baadhi yao wataziendesha.

Najua walimu wenzangu watasema kwamba madarasa yamefurika na vifaa ni haba. Ni kweli, na serikali haina budi kuwajibika. Hata hivyo gololi haingoji bajeti. Nawe mwanafunzi, unapoona kanuni ya ubaoni inapingana na uyajuayo, usione haya kuinua mkono. Yule wa mkokoteni alikuwa sahihi kuuliza. Aliyepaswa kuona haya siku ile ni mimi.