Obokano si faili la sauti

Leo tuziache seva na hifadhidata zipumzike. Nataka kuzungumzia obokano.

Kwa wasioijua, obokano ni kinubi kikubwa cha Abagusii, yaani watu wa Kisii na Nyamira. Ina bakuli la mbao lililowambwa ngozi, mikono miwili, mti uliokingama juu, na nyuzi 8. Ni ndugu ya nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu, ila yenyewe ina umbo kubwa na sauti nzito yenye mngurumo. Ukiisikia kwa karibu, unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Lakini kila Jumapili (Jumamosi mwalimu wangu yuko kanisani) napanda matatu hadi ng'ambo ya Keroka, upande wa Nyamira, kwa mzee anayenifundisha. Nabeba sukari na mkate, nakaa kigodani, na vidole vinaota malengelenge. Sina mpango wa kurekodi albamu. Napenda tu.

Sasa, wenzangu wa tarakilishi wakisikia haya huniletea wazo lilelile: "Rekodi nyuzi zote 8, moja moja. Zikate, ziweke kwenye kinanda cha kompyuta, uza kwenye intaneti. Utamaduni umehifadhiwa, na wewe umepata pesa." Ni wazo la watu wenye nia njema. Mimi nalipinga, na sababu zangu ni tatu.

Kwanza, sauti zenyewe. Kinanda cha kompyuta kwa kawaida hugawa oktavu moja vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja kikizidi cha chini yake kwa takriban mara 1.0595, na huanza kuhesabu kutoka Hz 440. Mwalimu wangu hajui 440 ni nini. Yeye hutega nyuzi kwa koo lake. Akiamka na mafua, obokano nzima inashuka pamoja naye. Nikiiweka programu ya simu ya kupimia sauti mbele yake, taa inawaka nyekundu karibu kila uzi. Nani amekosea hapo? Si mzee. Kwake kilicho muhimu ni umbali kati ya uzi na uzi, na umbali huo si lazima ulingane na wa piano. Ukimnyoosha uingie kwenye kinanda, unahifadhi piano yenye mngurumo.

Pili, obokano ni mazungumzo. Nyuzi ni 8 tu na kila mmoja unatoa sauti yake moja, basi utajiri wote uko katika upi unafuata upi, lini, na lini unyamaze. Mzee akiwa anaimba, mgeni akiingia, wimbo unamgeukia mgeni: jina lake, ukoo wake, hata viatu vyake vyenye tope. Vidole navyo hubadilika kufuata maneno. Hakuna mara mbili zinazofanana.

Kuna jamaa yangu anayejifunza jazi kwa mandolini. Nayo ina nyuzi 8, ila zimepangwa jozi 4: G, D, A, E. Bingwa wake ni Jethro Burns, Mmarekani aliyefariki mwaka 1989. Tukikutana tunagundua kwamba tatizo letu ni moja: kutunga papo hapo bila kupotea njia. Bendi zetu zilipenda sana jina hilo, kuanzia OK Jazz ya Kinshasa iliyoundwa 1956 hadi Shirati Jazz ya hapa jirani, ingawa zilipiga rumba na benga. Mimi naona kama jazi ni kujibu kilichotokea sekunde hii, basi Gusii haikungoja iletwe na meli.

Tatu, na hii mwandishi yeyote wa programu ataielewa. Rekodi ni kama faili la .exe. Inafanya kazi, lakini huwezi kuifungua ukaona ilivyoandikwa, wala huwezi kuiendeleza. Msimbo wenyewe uko kichwani na mikononi mwa mpigaji: mti gani, ngozi ikaushwe vipi, uzi ukazwe hadi wapi, mgeni asifiwe vipi bila kumwudhi mwenyeji. Mwalimu wangu ana wanafunzi wawili tu, mimi na kijana mmoja wa seremala. Hakuna nakala nyingine.

Sisemi tusirekodi. Turekodi sana! Lakini turekodi somo zima, tangu mti unapochongwa, kwa jina la mzee, kwa ridhaa yake, na alipwe. Wala sisemi obokano ibaki kijijini. Grandmaster Masese ameipandisha jukwaani pamoja na mashairi yake, na bado inapigwa kwa vidole vya mtu aliye hai. Hiyo ndiyo njia.

Serikali za kaunti nazo zisikwepe. Katiba ya 2010 iliweka shughuli za utamaduni mikononi mwao. Badala ya kununua obokano za kupamba maonyesho, Kisii na Nyamira zilipe wazee wachache wafundishe vijana, mwaka mzima, si wiki moja kabla ya tamasha la shule.

Nawe uliye Nairobi au ughaibuni, ukienda nyumbani Desemba, uliza kama kuna mpigaji aliyebaki karibu na kwenu. Nenda ukae naye. Simu iache mfukoni saa ya kwanza.

Haya, tuonane wiki ijayo. Tutarudi kwenye hifadhidata, msihofu.