Dawa ya choo inaua nini hasa?

Kila mvua zinapoanza na habari za kipindupindu zikasikika, wazazi huniuliza swali moja: "Daktari, nimwage dawa gani chooni?" Wengi huwa wameshamwaga, tena dumu zima, kwa sababu lebo imeahidi kuua asilimia 99.9 ya vijidudu.

Shida ni kwamba dawa haichagui. Ndani ya shimo lako la majitaka wamo bakteria wanaokula kinyesi na kukipunguza. Ukiwaua, uchafu hauozi vizuri, shimo linajaa mapema, na maji yanayopenya ardhini au kufurika yanatoka yakiwa machafu zaidi. Kama kisima kiko hatua chache tu kutoka hapo, mtoto wako ndiye atakayeharisha.

Dawa nyingi za kusafishia sakafu na vyoo, za nyumbani hata za hospitali, zina kloridi ya benzalkoni. Kikemia hiyo ni chumvi, ingawa si ya kutia kwenye mboga. Je, inawadhuru bakteria wa majitaka? Kemikali za aina hii zina kipimo cha kimataifa, namba 209 cha OECD, kilichotolewa mwaka 1984 na kurekebishwa mwaka 2010. Maabara huchukua tope lenye bakteria hai kutoka mtambo wa kusafisha majitaka, hulilisha, hulipulizia hewa, kisha hulitia kemikali kwa viwango mbalimbali. Baada ya saa 3 hupima kasi ya tope kutumia oksijeni. Bakteria wakidhurika, pumzi hupungua. Kinachotafutwa ni kiwango kinachoikata pumzi hiyo kwa nusu.

Tope lenyewe nalo hukaguliwa kwa sumu inayojulikana. Mojawapo ni mrututu, ule ule wa kunyunyizia mibuni: tope zima linatarajiwa kupoteza nusu ya pumzi kati ya miligramu 53 na 155 za mrututu kwa lita.

Sasa, chupa ikiandikwa "salama kwa mashimo ya majitaka", mimi huuliza: kwa kipimo kipi? Cha saa 3, kwa bakteria wanaopuliziwa hewa? Shimo la nyumbani halina hewa, na dawa humwagwa humo wiki hadi wiki. Kloridi ya benzalkoni hunata kwenye tope, na pasipo oksijeni huvunjika kwa shida sana. Kipo kipimo cha bakteria wasiotumia hewa, namba 224 cha mwaka 2007, kinachopima gesi wanayotoa. Hicho ndicho kinachokaribia hali ya shimo lako, na bado sijakiona kikitajwa kwenye chupa yoyote dukani.

Lakini usiogope kupita kiasi. Chukua dawa yenye chumvi hiyo asilimia 1. Nusu lita yake ina gramu 5. Kwenye shimo lenye lita 3,000 za maji hazifiki miligramu 2 kwa lita. Dumu la lita 5 kwa mkupuo linafikisha karibu 17, na hapo tope linaweza kuanza kuumia. Kwa hiyo safisha bakuli la choo, kitasa na sakafu kwa kipimo kilichoandikwa. Shimo liache. Harufu ikizidi au maji yakirudi, ita gari la kunyonya.

Nyumba yenye mgonjwa wa kipindupindu ni jambo jingine: fuata maelekezo ya klorini utakayopewa na wahudumu wa afya, na usipunguze kwa kuhurumia bakteria wa shimo.

Usichanganye dawa ya klorini na ile ya tindikali ya kung'arishia choo. Gesi inayotoka huchoma mapafu, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha mtoto mwenye pumu anaweza asihimili. Ukihisi macho na koo vinawasha, toka nje kwanza na mtoto. Ndoo utairudia baadaye.