Mfanyakazi na Siasa: Tuwatazame Wacheki



Katika mikutano ya matawi husikika maneno ya namna mbili. Wengine husema, "Chama chetu ni cha mishahara na saa za kazi, siasa tuwaachie wanasiasa." Wengine husema, "Maneno mengi ya nini? Tugome tu, mambo yatanyooka." Sisi twaona kila upande umeshika nusu ya jambo. Fikira isiyo na watu wa kuitenda ni moshi. Na tendo lisilo na fikira ni moto wa mabua, huwaka kwa kishindo ukazimika upesi.

Ili tusibishane kwa methali tu, tutazame nchi iliyojaribu njia zote: nchi ya Wacheki, ambao hadi mwisho wa 1992 walikuwa pamoja na Waslovaki katika Chekoslovakia. Mji wao mkuu, Praha, si mgeni kwa wazee wa vyama. Tangu 1956, kwa miaka mingi, makao ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya dunia, WFTU, yalikuwa huko.

Kwanza, tendo pekee. Wakomunisti walishika serikali mwezi wa Februari 1948, wakaiita serikali ya wafanyakazi. Tarehe 1 Juni 1953 serikali hiyo ilibadilisha fedha. Mtu alipewa krauni 1 mpya kwa krauni 5 za zamani, lakini kwa zile 300 za kwanza tu. Zilizozidi, aliletewa 1 kwa 50. Akiba ya miaka mingi ikayeyuka kama chumvi majini. Rais wa nchi alikuwa Bw. Antonín Zápotocký, mtu aliyepata kuwa mkuu wa vyama vyote vya wafanyakazi. Siku chache tu kabla ya hapo alisema katika redio kwamba fedha ya nchi ni imara.

Asubuhi ile wafanyakazi wa kiwanda cha Škoda, mjini Plzeň, waliacha mashine zao wakatoka barabarani, wakaingia hata katika jumba la baraza la mji. Walikuwa na haki, na walikuwa na ujasiri. Lakini hawakuwa na mpango, wala wasemaji, wala njia ya kushikana na wenzao waliogoma mahali pengine. Siku ile ile askari waliwatawanya, na wengi wakapelekwa gerezani. Chama chao je? Kilikuwa mkononi mwa serikali, hakikuwatetea.

Pili, fikira pekee. Mwezi wa Agosti 1968 majeshi ya Urusi na washirika wake yaliingia nchini kuzima mageuzi ya Bw. Alexander Dubček. Baadaye watu wa elimu waliokataa kuusifu uvamizi ule walifukuzwa makazini. Mwandishi wa habari Jiří Dienstbier akawa mtu wa kuwasha majiko ya maji moto. Mwezi wa Januari 1977 baadhi yao walitoa waraka ulioitwa Charter 77, wakiidai serikali itimize sheria ambazo yenyewe ilizitia sahihi. Mwalimu wa falsafa Jan Patočka, mmoja wa wasemaji wao, alifariki Machi 1977 baada ya kuhojiwa na polisi kwa saa nyingi. Mwandishi wa michezo ya kuigiza, Václav Havel, alifungwa toka 1979 hadi 1983.

Mwaka 1978 Bw. Havel aliandika habari za muuza mboga anayetundika dukani bango linalowaita wafanyakazi wa dunia waungane. Haliamini bango hilo. Alitundika kwa sababu ameletewa pamoja na vitunguu, na asipolitundika ataonekana adui. Ndugu, tulifikirie jambo hili: neno lililozaliwa katika jasho la wafanyakazi limegeuzwa kuwa kitambulisho cha woga! Maandishi yale yalikuwa na nguvu. Lakini hata kufikia 1989, katika nchi ya watu milioni 15, waliotia sahihi waraka ule hawakufika 2,000. Viwanda vilinyamaza. Mfanyakazi alikuwa na kazi na nyumba, naye aliogopa watoto wake wasije wakanyimwa shule.

Tatu, fikira na tendo pamoja. Tarehe 17 Novemba 1989 polisi waliwapiga wanafunzi katika barabara ya Národní, Praha. Safari hii wanafunzi hawakubaki vyuoni wakiandika. Walikwenda milangoni mwa viwanda kuzungumza na wafanyakazi. Tarehe 23 mkuu wa chama katika mji, Bw. Miroslav Štěpán, alikwenda kiwanda cha ČKD akasema kwamba watoto wa miaka 15 hawawezi kuamua mambo ya serikali. Wafanyakazi wakampigia kelele, "Sisi si watoto!" Siku hiyo maelfu yao waliandamana hadi katikati ya mji. Kesho yake wakuu wa chama walijiuzulu. Tarehe 27, toka saa sita mchana hadi saa nane, nchi nzima iligoma. Saa mbili tu! Siku mbili baadaye Bunge lilikifuta kifungu cha katiba kilichokipa chama kimoja haki ya kutawala. Mwezi wa Desemba Bw. Dienstbier akawa waziri wa mambo ya nje, na Bw. Havel akawa rais.

Hapa ndipo twataka wanachama wasikilize sana. Baada ya ushindi, wenye fikira walikwenda serikalini, na wenye kazi walirudi kwenye mashine. Mali ya taifa ilipogawanywa miaka ya 1990, mfanyakazi alipewa hati za hisa, lakini waliokata shauri walikuwa wengine. Kampuni ile ile ya ČKD Praha ilianguka mwishoni mwa miaka hiyo. Katika uchaguzi wa 2021 chama cha Social Democrats, kilichoanzishwa 1878, hakikufika asilimia 5 inayotakiwa, kikatoka katika Baraza la Wabunge. Wakomunisti vile vile.

Kwa hivyo tarehe 27 Novemba 2023, siku ile ile ya mgomo wa 1989, vyama vya wafanyakazi na waalimu walipogoma kupinga mpango wa serikali wa kubana matumizi, hawakuwa na chama chao bungeni cha kulipokea neno lao. Mpango ulipita. Mwezi wa Oktoba 2025 wapiga kura, pamoja na wale wa mikoa ya viwanda na makaa ya mawe, walikipa ushindi chama cha Bw. Andrej Babiš, tajiri mkubwa aliyeahidi kuutetea uzeeni wao. Hatuwalaumu. Mwenye njaa hafungi mlango kwa anayebisha na sahani. Lakini mtu anayengoja tajiri amfikirie, amekwisha kuweka fikira yake rehani.

Basi twasema hivi. Siasa si jambo la kuwaachia wanasiasa, kwa maana bei ya unga na umri wa kustaafu hukatwa huko. Wala mgomo si mwisho wa kazi. Ni mlango tu. Kila tawi liusome muswada unaowahusu wafanyakazi kabla haujapita. Wasomi wanaotutakia mema waje katika mikutano yetu, nasi tuwasikilize, kisha tuwaulize maswali magumu. Na siku tutakapowapa watu nguvu zetu, tusirudi nyumbani kabla ya kuweka watu wetu wenyewe mezani, watu tunaoweza kuwaita na kuwaondoa.

Wacheki walishinda siku walipokuwa na kichwa na miguu pamoja. Wakaviachanisha, na mfanyakazi ndiye aliyelipa. Sisi tuna nafasi ya kujifunza bila ya kulipa ada hiyo.